Mlango wa Kupepetea

Mzee Enoch Sunter aliligawa jengo lake kama mtu anayekata mkate, na akafa akidhani ametenda haki. Nyumba alimwachia binti yake Zillah, amtunze mama humo mpaka mwisho. Ghala na malisho ya juu akampa mwanawe mkubwa, Jabez. Ukiyasikia maneno hayo unaona yamenyooka. Ila Garthrigg haikuwa nyumba na ghala. Ilikuwa jengo moja refu la mawe chini ya paa moja, limekaa katikati ya bonde jembamba huko milimani Yorkshire, ubavu mmoja umeegemea jabali na mwingine unachungulia korongo la kijito. Babu wa babu yao aliyelijenga alitaka watu na ng'ombe wapeane joto, na mtu aweze kulisha mifugo wakati wa theluji bila hata kuvaa kofia. Hakuwaza kwamba siku moja wajukuu zake watanuniana humo humo.

Nyumba yenyewe haikuwa na mlango wa nyuma, kwa kuwa mgongo wake ulizama kilimani. Ghala ndilo lilikuwa na milango miwili inayotazamana. Mbele palikuwa na lango la upinde, refu kiasi cha kupitisha mkokoteni uliojaa nyasi kavu. Nyuma palikuwa na mlango mdogo wa kupepetea, uliowekwa pale ili upepo uingie huku na kutokea kule, upeperushe makapi nafaka inapopepetwa sakafuni. Tangu zamani mtu wa Garthrigg aliyetaka kwenda kanisani aliingia kwa lango kubwa, akavuka sakafu ya mawe, akatokea kwa mlango mdogo, na njia ya mlimani ilianzia hapo hapo. Asiyetaka hivyo alishuka korongoni, akavuka kijito kwa kuruka mawe, kisha akapanda upande wa pili. Hizo tu ndizo njia zilizokuwepo.

Baba alipozikwa, Jabez alijijengea nyumba mpya kule juu, upande wa kanisani. Mlango wa ndani, ule wa kutoka jikoni kwa Zillah kuingia zizini mle ghalani, aliuziba kwa mawe na chokaa. Mlango wa kupepetea akautia komeo. Alisema mali isiyo na mpaka ni mali ya mwizi. Mwizi gani alimaanisha hakusema, lakini jirani wa karibu alikuwa dada yake.

Yote hayo Zillah angeyavumilia. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na yeye na mumewe Reuben walilima. Kisha Reuben akafa, mwezi wa mvua, kijito kimejaa mpaka kinanguruma.

Hapo lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo mtu atamwona Jabez kichaa. Watu wa bonde lile waliamini kwamba jeneza likitoka nyumba ya mmoja na kupita kwenye mali ya mwingine, mahali lilipopita ni njia ya watu wote, milele; maiti wa mwenye mali mwenyewe hakuhesabiwa. Mwanasheria wa mjini angelicheka jambo hilo, ila bondeni hakuna aliyekuwa anamuuliza mwanasheria. Mashamba yalikuwa yamekatwa na njia ambazo kila mtu aliweza kukutajia maiti aliyezifungua. Kwa hiyo wabebaji walipofika na jeneza la Reuben mbele ya lango, walimkuta Jabez amesimama kwenye upinde, mikono ameitanua jiwe hadi jiwe.

"Shemeji yangu nilimpenda," alisema. "Lakini leo akipita hapa, kesho bonde zima litapita na kondoo wao. Mzungusheni."

Wakamzungusha. Katikati ya kijito mbebaji wa mbele aliteleza, na jeneza likaenda na maji. Walilikuta chini kabisa limekwama kwenye mizizi ya miti, kifuniko hakipo. Zillah alikuwa ameshamwosha mumewe mara moja, kwa taratibu na machozi. Mara ya pili alimtoa matope puani na majani mdomoni, na safari hiyo hakutoa chozi. Wanaomjua wanasema tangu siku ile uso wake ulibaki vile vile, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali.

Jabez naye aliingiwa na hofu. Baada ya mazishi aliona komeo halitoshi, akauziba mlango wa kupepetea kwa mawe, kutoka kizingitini mpaka juu. Kwa ukaidi wake akajifungia njia hata yeye. Kila asubuhi alitoka kwake akashuka korongoni, akaruka mawe ya kijito na kupanda hadi lango kubwa kulisha ng'ombe wake mwenyewe, buti zimejaa maji. Zillah alikuwa anamtazama kutoka dirishani huku anakunywa chai. Chai ya saa ile ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote.

Mama yao, Keturah, aliacha kusema na Jabez tangu siku ya kijito. Jabez akija na mayai, kikongwe aliyapokea mayai, kisha anageuza kichwa ukutani. "Mayai hayana kosa," alimwambia Zillah. Miaka ilikwenda hivyo, mayai yanaingia, neno halitoki.

Ndipo mwaka mmoja, majira ya kuchipua, Keturah akaanza kuishiwa nguvu. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na alilala akiwa amekaa kwenye kiti kikubwa kando ya moto kwa sababu akilala chali alikabwa. Zillah alimlisha, alimbadilisha, alimsugua mgongo. Alimpenda mama yake, hilo lisemwe wazi asije mtu akamsingizia. Lakini jioni moja, akimfunika blanketi, wazo lilimjia lenyewe bila kubisha hodi. Mama akifia humu, atatokea wapi?

Kwenye mawe ya kijito hatatokea. Hakuna mwanamume bondeni angekubali kubeba jeneza tena kwenye maji yale, na Jabez akidiriki kumpeleka mama aliyemzaa kule alikompeleka shemeji yake, watoto wadogo watamtemea mate. Basi atapita ghalani. Jabez mwenyewe atabomoa mawe yake, mama atapita, na nyuma yake bonde zima litapita mpaka mwisho wa dunia. Zillah alikaa chini, akajikuta anacheka peke yake. Malipo ni hapa hapa duniani, alijisemea, na safari hii yatalipwa kupitia mama yangu.

Lakini Jabez hakuwa mjinga. Hesabu ile ile aliyoipiga dada yake, naye aliipiga. Ghafla akawa mtoto mwema kupita kiasi. Alikuja na blanketi jipya, na kuku wa supu, na maneno laini, akasema nyumba yake ina chumba kinachopata jua na mama anafaa kumalizia siku zake huko. Kufa kule juu maana yake ni kuzikwa kule juu. Jeneza lingetoka mlangoni kwake moja kwa moja hadi kanisani bila kugusa Garthrigg.

"Ni mama yangu pia," alisema, amesimama jikoni na kofia mkononi.

"Tangu lini?" Zillah aliuliza. "Tangu alipoanza kukoroma?"

"Mdogo wangu, usinifanyie hivyo. Mimi ni mkubwa wako."

"Mkubwa wangu, nieleze basi utampitisha wapi. Utamrusha kijito kama kondoo?"

Jabez aliinamisha macho. Keturah kitini alikuwa amefumba yake, na hakuna aliyejua kama anasikia.

"Nitaufungua mlango," Jabez alisema mwisho. "Mtu hai akipita si kitu. Njia inafunguliwa na maiti."

Zillah alicheka kwa dharau. Alijua kaka yake angekubali kung'olewa jino kabla ya kung'oa jiwe moja la ukuta ule. Basi akamjibu kwa kebehi, "Siku ukiufungua, njoo umchukue. Sitakuzuia." Jirani yao, Amos Kearton, alikuwa amekuja kuleta maziwa na alisikia kila neno. Amos alikuwa mtu wa ahadi, wa wale wanaokukumbusha ulichosema mwaka juzi. Zillah alipomwona mlangoni, kicheko kilimwishia.

Asubuhi ya pili yake, kabla hajamaliza kukoka moto, alisikia nyundo.

Sauti ilitoka upande wa ghala, ikapita zizini, ikaingia kwenye ukuta mnene wa kati. Ukuta ule ulijengwa mara mbili, ngozi mbili za mawe zilizoshonwa pamoja kwa mawe marefu yanayotoka upande mmoja hadi wa pili, na kupitia mawe hayo kila pigo lilifika jikoni kama limepigwa mezani. Jabez na Amos walikuwa wanabomoa. Zillah alisimama na kuni mkononi. Kwa hiyo ameweza, alifikiri. Mbwa yule ameweza. Atamchukua mama yu hai, na mimi mwenyewe nimemruhusu mbele ya shahidi, na Reuben wangu atabaki mtu aliyezungushwa mtoni bure.

Alimgeukia mama. Keturah alikuwa ameamka. Macho yalikuwa maangavu, jambo ambalo Zillah, aliyekwisha kukesha na wafu wengi wa bonde lile, hakulipenda.

"Nani anagonga?" kikongwe aliuliza.

"Jabez. Anafungua mlango wa kupepetea."

Keturah alitega sikio. Nyundo ikapiga, jiwe likaanguka nje kwenye majani. Uso wake ulilegea kidogo kidogo, mpaka ukafanana na uso aliokuwa nao zamani, watoto walipokuwa bado wanalala kitanda kimoja.

"Basi mwambie yameisha," alisema. "Mwambie Jabez mimi nimeshamsamehe. Nilichelewa tu."

Mama alivuta pumzi, akaitoa, na akaingoja nyingine kama mtu anayengoja mgeni. Haikuja.

Nyundo iliendelea. Zillah alipiga magoti, akaweka sikio kifuani pa mama, akashika shingo, akaweka kijiko kinachong'aa mbele ya pua yake na hakikupata ukungu. Hapo moyo ulimruka, na nisingependa kulisema hili lakini ndivyo ilivyokuwa, uliruka kwa furaha. Furaha ile ilimtisha kidogo. Haikumzuia.

Alifanya kazi haraka, kwa mikono iliyozoea wafu. Alimfumba macho. Alimpitisha mkanda mpana kiunoni na kumfunga kwenye mgongo wa kiti, kisha akamfunika shali kubwa juu yake. Alimvisha kofia ya Jumapili, ile yenye utepe, akaukaza utepe chini ya kidevu ili mdomo usifunguke. Alitoa jiwe lililokuwa linapashwa moto mekoni, akalifunga kitambaa, akaliweka mapajani na kuilaza mikono ya mama juu yake. Kila mgonjwa wa bonde lile alisafirishwa na jiwe la moto mapajani, hakuna ambaye angeshangaa. Kisha akanawa uso na kufungua mlango.

Jabez alikuwa amesimama uani, mweupe kwa vumbi la chokaa, damu kwenye vifundo vya vidole. Amos alikuwa nyuma yake.

"Umefunguka," Jabez alisema.

"Nimesikia. Mchukue basi, mimi si mtu wa kuvunja ahadi."

Jabez aliingia akamwinamia mama, akamshika mkono. Ulikuwa wa moto. "Mama," aliita, kwa sauti ambayo Zillah hakuwa ameisikia tangu utotoni.

"Amechoka," Zillah alisema. "Mbebe polepole na usimsumbue."

Wakakinyanyua kiti, Jabez mbele kinyumenyume ili amtazame mama, Amos nyuma. Walivuka ua. Lango kubwa lilikuwa wazi, na chini ya upinde ule ule ambao Jabez aliutanulia mikono, alipita sasa ameinamisha kichwa. Ndani palinukia nyasi na jasho la ng'ombe. Kushoto nyasi kavu za mwaka uliopita zilikuwa zimebaki kidogo, kulia ng'ombe waligeuza shingo katika vizuizi vyao vya mawe, na kwenye vitundu vyembamba vya ukutani, vilivyoachwa ili nyasi zipumue, mwanga uliingia vipande vipande ukalala sakafuni. Na mbele, mahali palipokuwa giza miaka yote ile, palikuwa na mlango umejaa anga.

Jabez alikuwa anazungumza njia nzima. Alimwonyesha mama mbao ya juu aliyoichonga baba, na pale alipoangukia yeye alipokuwa mdogo akapasuka kidevu. Alimwambia chumba kimeshatiwa moto na mkewe amepika maandazi. Alimwambia pia, kwa sauti ya chini, kuwa tangu asubuhi ile ya Reuben hakuwahi kulala vizuri hata usiku mmoja. Zillah alifuata nyuma yao, mikono imekunjwa mbele, hatua za taratibu. Amos aligeuka akamtazama mara moja, akageuka tena, kwa sababu mwendo ule aliujua. Ni mwendo wa watu wanaofuata jeneza.

Walikanyaga kizingiti, wakatoka kwenye majani yaliyotapakaa mawe yaliyobomolewa.

"Wekeni chini," Zillah alisema.

Wakaweka. Alimsogelea mama yake, akafungua utepe wa kofia. Kidevu kilishuka chenyewe. Amos alivua kofia yake kabla hajajua kwamba ameivua.

Jabez alimtazama mama, akamtazama dada, akaurudia mlango kwa macho, kana kwamba anaweza kuwarudisha wote kinyumenyume mpaka jikoni. Aliushika tena mkono wa mama, akaliona jiwe. Alilitoa, akabaki nalo mkononi.

"Tangu saa ngapi?" aliuliza.

"Ulikuwa bado unapiga nyundo."

"Ukamfunga. Mama yetu, ukamfunga kitini kama gunia."

"Nimemfunga asianguke," Zillah alisema. "Wangu alianguka."

"Zillah," Amos alisema, "umefanya nini wewe?"

"Mimi nimefanya nini? Mimi nimetembea nyuma tu. Aliyebomoa ni yeye, aliyebeba ni yeye, na wewe mwenzake. Amos, wewe mtu wa ukweli, niambie. Aliyepita hapa ni nani, mzima au maiti?"

Amos alizungusha kofia mikononi. Hakutaka kusema, na hakuwa na uwezo wa kusema uongo. "Maiti," alisema.

Lilikuwa neno moja, na lilitosha. Kabla ya jua kuzama lilikuwa limefika nyumba ya mwisho bondeni. Zillah alisubiri utamu wake, na ulikuja. Ulikaa ulimini siku nzima, mzito, kama asali iliyoungua.

Jeneza la Keturah lilitoka nyumbani kwa Jabez, kama Jabez alivyotaka. Watu wa bonde la chini walikuja mazishini kwa njia mpya. Waliingia kwa lango kubwa, wakavuka sakafu ya kupuria, wakatokea kwa mlango wa kupepetea, wazee na fimbo zao, wanawake na vikapu vya keki za msiba. Hakuna aliyeomba ruhusa. Jabez alisimama kwenye majani nje ya mlango tangu wa kwanza hadi wa mwisho, na kila aliyetokea alimpa mkono wa pole. Kama ulikuwa mkono wa pole au wa kumwaga chumvi kwenye kidonda, hata wenyewe nadhani hawakujua. Mzee mmoja alipita na kondoo wake wawili kabisa, akisema anawapeleka kwa mkwewe.

Mazishi yalipokwisha na chai ilipokwisha, watu walianza kurudi. Zillah alikuwa anakusanya vikombe vyake vilivyoazimwa kwa ajili ya msiba, Jabez alipomfuata pembeni. Alitegemea matusi. Alikuwa ameyaandalia majibu njia nzima, mengi na makali, na alitamani kuyatumia.

Jabez hakumtukana. Alikuwa amezeeka kwa wiki ile moja, mabega yamemshuka.

"Ghala ni lako kama unalitaka," alisema. "Wapite, walale humo, sina neno. Nataka kitu kimoja tu, dada. Miaka yote ile hakunisemesha. Wewe ulikuwa naye. Wakati ule mimi nagonga, alijua ni mimi?"

"Alijua."

"Akasema nini?"

Zillah alimtazama. Alimwona kaka yake jinsi alivyokuwa, mtu mzima anayengoja kipande cha maneno kama mtoto anayengoja mkate. Maneno alikuwa nayo. Yalikuwa machache na mepesi, angeweza kuyasema bila kuweka vikombe chini. Yangemponya, hilo aliliona wazi. Na yalikuwa ya Jabez, si yake, ameachiwa ayafikishe tu.

Akamfikiria Reuben, na majani mdomoni.

"Hakusema kitu," alisema.

Jabez aliitikia kwa kichwa, mara mbili, kama mtu aliyelitarajia jibu hilo. Akampisha. Zillah aliushika mteremko na kikapu chake, na vikombe vilikuwa vinagongana njia nzima mpaka nyumbani.